Risala ya Klabu ya Biolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi, Lamu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam alaykum. Karibu sana kisiwani.

Mheshimiwa, kabla hujafika kwenye meza yetu, twaomba tueleze kilichomo katika sahani zile. Vidoa vya manjano na rangi ya chungwa unavyoviona ni miksobakteria, yaani bakteria waishio na kujenga kwa pamoja. Huishi udongoni na katika mavi ya wanyama walao majani, na Lamu hatukosi punda. Mavi makavu huwekwa juu ya karatasi ya chujio iliyoloa, sahani ikafunikwa, na kwa muda wa wiki moja au mbili vidoa huonekana kwa lenzi ya mkono.

Aliyechunguzwa zaidi katika jamii hii ni Myxococcus xanthus. Akiwa na chakula, huwinda bakteria wengine kwa makundi. Chakula kikiisha, seli kama 100,000 hukusanyika zikajenga kichuguu kisichofika nusu milimita. Ndani yake baadhi hugeuka spora, yaani seli ngumu zinazolala zikisubiri chakula, lakini nyingi hupasuka na kufa. Swali letu ni hili: nani hutoa amri?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1978, pale Hagen, Bretscher na Kaiser walipochunguza bakteria wenye kasoro za jeni walioshindwa kufanya spora. Wakichanganywa na wazima, wenye kasoro nao walifanya spora. Hata wenye kasoro wawili, kila mmoja wa kundi lake la kasoro, waliponyana, ila wa kundi moja hawakusaidiana. Maana yake ni kwamba kila kundi limeshindwa kutuma ujumbe fulani, lakini kuusikia linausikia. Makundi yalikuwa manne: A, B, C na D. Leo twasema A na C tu, ndiyo yanayoeleweka zaidi.

Seli ikikosa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ribosomu (viwanda vya protini vya seli) hukwama, na protini RelA hutengeneza ppGpp, kengele ya njaa. Hapo jeni asgA, asgB na asgC huhitajika ili seli itoe vimeng'enya vinavyokata protini za nje kuwa asidi amino. Hizo asidi amino ndizo ishara A. Kila seli yenye njaa huchangia kidogo, kwa hiyo kiasi kilichoko nje huonyesha wenye njaa ni wangapi. Kisipopita takriban mikromola 10, ujenzi hauanzi. Kiasi hicho hakitoshi kulisha mtu, yaani bakteria, ndiyo maana chakula chaweza kutumika kama ujumbe bila kuliwa kikaisha maana.

Ishara C hutoka kwa jeni csgA na huanza kufanya kazi baada ya saa 6 hivi. Haielei majini: protini yake hukaa juu ya ngozi ya seli, basi lazima seli zigusane. Kwa maelezo yaliyozoeleka, kimeng'enya PopC huikata kutoka kilodaltoni 25 (kipimo cha uzito wa protini) hadi 17, kisha protini FruA hupokea habari ndani ya seli ya pili. Ishara ikiwa kidogo, seli husogea na kukusanyika. Ikizidi, hugeuka spora. Kwa hiyo spora hupatikana ndani ya kichuguu, kwenye msongamano. Wapo watafiti wanaosema csgA hufanya kazi kwa kutoa mafuta ya utando wa seli, na ubishi huo haujesha.

Katika maabara, bakteria hawa hukuzwa kwenye maji yenye gramu 10 za kasitoni (protini ya maziwa iliyomeng'enywa, ndiyo chakula chao) kwa lita, Tris (kemikali ya kutuliza pH) milimola 10 ya pH 7.6, salfeti ya magnesi milimola 8 na fosfeti milimola 1. Kisha seli huoshwa kwa mchanganyiko huohuo usio na kasitoni, zikakolezwa hadi bilioni 5 kwa mililita, na matone ya mikrolita 10 yakawekwa juu ya agari (jeli ya mwani) ya asilimia 1.5 kwa nyuzi 32. Vichuguu huonekana kufikia saa 24. Spora huhesabiwa saa 72, baada ya kupashwa joto la nyuzi 50 muda wa saa 2 ili seli za kawaida zife.

Kazi huharibika hapa: seli zisipooshwa vizuri, kasitoni iliyosalia huondoa njaa, zikiwa chache, ishara A haifiki kiwango, agari ikiwa na maji juu, seli huelea badala ya kuteleza. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai. Ya mvua kutoka jabia ni afadhali. Joto la Lamu lenyewe ni msaada, inkubeta (kabati la kutunza joto) si lazima.

Mheshimiwa, twaomba hadubini ya kutazamia sahani kwa juu, sentrifuji ndogo (mashine ya kuzungusha ili seli zitenganishwe na maji), na utusaidie kuzungumza na chuo kikuu kitugawie aina mbili za bakteria hawa: moja yenye kasoro ya asg, nyingine ya csg. Tutazichanganya nusu kwa nusu, na kila moja iwekwe pia peke yake kando, maana bila hizo za kando mchanganyiko hauthibitishi kitu.

Ahsante.
Wanachama wa Klabu ya Biolojia