Mguu usiosikia msumari, na bado unawaka moto

Mwanaidi shoga yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Inakuwaje mama akanyage msumari uliotoboa kandambili, ashinde nao mpaka adhuhuri bila kujua, aje aambiwe na mjukuu aliyeona damu sakafuni, halafu usiku uleule alalamike kwamba nyayo zinawaka moto na hata shuka hataki liziguse? Kaka zako wanasema anajidekeza. Hajidekezi hata kidogo. Ganzi na moto ni ugonjwa mmoja wa neva zilezile, yaani mishipa ya fahamu, zilizoharibiwa na kisukari chake.

Kwanza tuliweke kando neno "mshipa". Kwetu kila kitu ni mshipa: wa damu, wa fahamu, hata ngiri ni mshipa. Ndiyo maana watu wanamkanda mama miguu kwa nguvu "damu itembee". Neva si bomba. Ni fungu la nyuzi, na kila uzi ni mkono wa seli moja iliyo hai. Seli inayohisi kidole gumba cha mguu haikai mguuni. Kiwiliwili chake kiko kiunoni, pembeni ya uti wa mgongo, na upana wake ni kama sehemu ya ishirini ya milimita. Kutoka hapo inanyoosha uzi wa karibu mita moja hadi kidoleni. Kama kiwiliwili hicho kingekuwa na ukubwa wa chungwa, uzi wake ungekwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ule mwembamba kabisa ungekuwa na unene wa milimita moja au mbili tu. Urefu huo ndio chanzo cha taabu yote ya mama.

Uzi hupeleka habari kwa chumvi. Nje yake kuna sodiamu nyingi, kama milimoli 145 kwa lita, na ndani kama 12 tu. Potasiamu ni kinyume chake: ndani kama 140, nje 4. Tofauti hiyo inalindwa na pampu za protini zilizo kwenye utando wa seli. Kila pampu ikitumia molekuli moja ya ATP, ndiyo nishati ya seli, hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana bila kupumzika. Kwa kuwa utando unavujisha potasiamu kwenda nje, ndani kunabaki na chaji hasi ya kama milivolti 70. Msumari ukibonyeza ngozi, ncha ya uzi inavutika, milango midogo inafunguka na chaji chanya inaanza kuingia. Ikifika kama hasi 55, milango ya sodiamu inafunguka kwa mkupuo, ndani kunageuka kuwa chanya, kisha milango hiyo inajifunga, potasiamu inatoka, na hali inarudi ilivyokuwa. Yote hayo huchukua kama milisekunde moja, na tayari sehemu ya jirani imeshaamshwa. Hilo ndilo pigo moja, na pigo halina kubwa wala dogo. Msumari mkali huongeza idadi ya mapigo kwa sekunde, na ubongo unahesabu.

Sasa kumbuka ulivyowahi kujikwaa kidole kwenye kizingiti. Kwanza unajua umejigonga. Kinafuata kinafasi kidogo, unajua kabisa kwamba maumivu yanakuja, ndipo yanapokuja. Kinafasi hicho ni nyuzi za aina mbili. Nyuzi nene za mguso zimevishwa mayelini, ganda la mafuta lenye mapengo kila baada ya milimita moja hivi, na pigo huruka kutoka pengo hadi pengo kwa kasi ya kama mita 50 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba za maumivu yale ya kuunguza hazina ganda hilo, nazo huenda kama mita moja kwa sekunde. Kwa hiyo habari ya mguso hufika kiunoni kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, na ya moto inachelewa sekunde nzima. Maumivu makali ya kwanza ya kuchomwa yana nyuzi zake, zenye ganda jembamba, na kasi yake iko katikati.

Kwa nini kisukari kinazishambulia? Seli nyingine, kama za misuli, zinangoja insulini ndipo zichukue sukari kwa wingi. Neva haingoji. Damu ikijaa sukari, na ndani ya neva sukari inajaa. Seli inaibadilisha kuwa sobitoli, kitu kinachofanana na sukari, na kazi hiyo inakula akiba ambayo ingeilinda isichakae. Wakati huohuo vishipa vyembamba vya damu vinavyolisha neva yenyewe vinaziba. Pampu zikikosa chakula, chaji inalegea.

Halafu kuna mizigo. Protini nyingi za uzi hutengenezwa kule kiunoni na kusafirishwa. Mizigo ya haraka huenda hadi milimita 400 kwa siku, hivyo hufika kidoleni kwa siku mbili na nusu. Ya polepole, ile inayojenga kiunzi cha uzi, huenda milimita moja kwa siku au chini ya hapo, yaani karibu miaka mitatu njiani. Safari ndefu hivyo ikivurugwa, anayekosa kwanza ni wa mwisho wa njia. Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni na kupanda kama soksi, miguu yote miwili sawasawa, na ikikaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Kama ingekuwa mguu mmoja tu, au baka moja la ngozi lisilosikia, ningekwambia watafute sababu nyingine: mgongo, au ukoma.

Na ule moto? Uzi unaokufa haufi kimya. Pale ulipojeruhika milango ya sodiamu hurundikana, na uzi unaanza kupiga wenyewe bila kuguswa. Ubongo hauna njia ya kujua pigo lilianzia wapi. Ukijigonga kiwiko kwa ndani, umeme unausikia kwenye kidole cha mwisho, ingawa kidole hakijaguswa. Ndivyo mama anavyosikia moto kwenye nyayo. Usiku unazidi kwa sababu hakuna kutembea wala shughuli za kuufunika, na nyuzi nene za mguso, ambazo kwa kawaida husaidia kuyatuliza maumivu, nyingi zimeshaharibika. Kwa hiyo msumari haukupata uzi mzima wa kuupelekea habari, na moto unatumwa na nyuzi zinazotapatapa.

Mpime wewe mwenyewe kesho, hakuna kifaa kinachohitajika. Alale, afumbe macho, umwambie aseme "kulia" au "kushoto" kila akisikia. Gusa kwa ncha ya kidole chako, kama unagusa unga, sekunde moja au mbili: kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo, halafu gumba na cha mwisho cha kushoto, umalizie na kidole cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Usibonyeze, usigongegonge, usirudie kidole alichokosa, maana ukirudia unamfundisha jibu. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, miguu yake imepoteza ulinzi. Kliniki watampima tena kwa uzi wa plastiki unaopinda kwa nguvu ya gramu 10.

Akishapoteza ulinzi, macho yenu ndiyo neva zake. Kila jioni nyayo zitazamwe kwenye mwanga, na katikati ya vidole pia. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu, tafuta joto, uvimbe, majimaji, harufu. Viatu vikung'utwe na mkono uingizwe ndani kabla hajavaa, na zile kandambili nyembamba zitupwe. Asitembee peku hata uani. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko chako, si kwa mguu wake. Asiote moto jikoni kwa kunyooshea miguu, wengi huungua hivyo bila kujua. Mafuta apakwe kisiginoni na unyayoni, katikati ya vidole pabaki pakavu. Sugu zisikatwe kwa wembe. Na hilo tundu la msumari lisingoje Jumatatu: apelekwe kesho, lisafishwe, aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda.

Kuhusu dawa, diklofenaki mnayomnunulia duka la dawa iacheni. Haigusi maumivu ya aina hii, na figo za mwenye kisukari inaweza kuziumiza. Zinazosaidia ni zile zinazotuliza neva, kama amitriptilini, ambayo daktari huanza na kiasi kidogo cha miligramu 10 au 25 usiku, au gabapentini. Kwa umri wake amitriptilini inaweza kumpa kizunguzungu akiamka usiku, kwa hiyo daktari aambiwe kama ana tatizo la moyo au kama amewahi kuanguka. Tena, umesema yuko kwenye metformini, dawa ya kushusha sukari, miaka mingi. Dawa hiyo ni nzuri, asiiache, lakini hupunguza vitamini B12, na upungufu wa B12 peke yake huleta ganzi kama hiihii. Ombeni kipimo. Kama aliwahi kutumia isoniazidi ya kifua kikuu, nalo litajwe, kwa sababu hupunguza vitamini B6.

Sitakuahidi kwamba nyuzi zilizokufa zitarudi. Neva ya mguuni iliyokatwa ikiwa na afya hukua kama milimita moja kwa siku, ila za mama hazina nguvu hiyo. Kushusha sukari huzilinda zilizobaki, na ishushwe polepole. Ikiporomoka ghafla baada ya kuwa juu muda mrefu, moto unaweza kuzidi kwa miezi kadhaa, na hapo wengi hukata tamaa na kuacha dawa. Mwambieni mapema ili asishtuke.

Ukishampima, niandikie majibu ya vidole vyote sita kwa mpangilio ule, na tarehe. Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie naamini kila neno alilosema kuhusu hizo nyayo.

Wako akupendaye,
Saumu