Nitajuaje kama hapa imetosha?

Asalaam aleikum ndugu zangu, na msio Waislamu habari zenu, naomba mnivumilie maana hata sijui nianzie wapi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga, kazi yangu fundi cherehani. Shida yangu sijui kuacha kitu, kila ninachofanya naona bado. Zamani niliona ni sifa, wateja walikuwa wanasema pindo zangu zimenyooka kama nimepiga rula, lakini saa hizi imeingia mpaka kwenye ibada na huko ndo inaniumiza.

Udhu wangu, yaani kule kujiosha kabla ya swala, unamaliza ndoo nzima. Naosha mguu mara tatu kama ilivyo sunna alafu nashtuka, kisigino je, maji yamefika? narudia, nikimaliza naona labda kiwiko kimebaki kikavu, naanza upya kabisa. Nikiwa mdogo chuoni maalim alitusomea ile hadithi ya ole wao visigino na moto, yaani wale wanaoacha visigino vikavu kwenye udhu, na mpaka leo nikimwaga maji mguuni naisikia sauti yake. Visigino vimepasuka kwa kusugua. Nikisimama kwenye mswala sasa ni nia, sisi Mashafii, watu wa madhehebu ya Imamu Shafii, nia ya moyoni inakwenda pamoja na takbira ya kufungulia swala, basi nasema Allahu akbar naona moyo haukuwepo, nakata, narudia, tena na tena. Juzi mwanangu wa mwisho ana miaka 6 alikaa pembeni ananihesabia kwa vidole, mikono yote miwili ikaisha, akaniuliza mama kwani Mungu hasikii? Nililia sana siku ile.

Kazini nako hivyohivyo. Kuna gauni la harusi nilifumua mkono mara nne kwa wembe mpaka kitambaa kikatoboka begani, nikanunua kingine kwa hela yangu, mteja kalichukua wenzake washapiga picha zote. Hakunigombeza, alinyamaza tu.

Nikaenda kwa shehe. Alinikumbusha wale watu watatu waliokwenda kuulizia ibada ya Mtume (S.A.W.), mmoja akasema ataswali usiku kucha, mwingine atafunga kila siku, wa tatu hataoa kabisa, na Mtume akawaambia yeye ndiye anayemcha Mungu zaidi yao na bado anaswali na analala, anafunga na anakula, na anaoa. Akaniambia pia Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, haifiki hata lita. Na kwamba yakini haiondolewi na shaka, ukishaosha umeosha. Ila kilichonigusa zaidi ni sijda ya kusahau, kwamba Mtume mwenyewe aliwahi kutoa salamu kwenye rakaa ya pili ya swala ya rakaa nne, alipoambiwa akakamilisha akasujudu mbili, yakaisha. Yaani kukosea kumeshawekewa nafasi ndani ya swala yenyewe. Nimekaa na hilo wiki mbili nzima.

Nikajaribu, nikawa najipimia maji jagi moja tu. Siku tatu niliweza, ya nne usiku nimelala nikasikia moyoni umelegea wewe, swala zote hizi hazina udhu, nikaamka nikazilipa zote mpaka alfajiri. Mume wangu anasema acha tu, mama mkwe anasema bora uzidishe kuliko upunguze, na mimi katikati sijui wastani unaishia wapi na uvivu unaanzia wapi. Dada mmoja jirani kanishauri nikaonane na daktari wa akili, sikukasirika, ila naogopa nikienda huko itakuwa kama nimeikimbia dini.

Mliowahi kupata waswasi kama huu naombeni mniambie, mlienda kote kuwili, kwa shehe na hospitali? Na ile sauti ilinyamaza kabisa au mlizoea kuendelea na swala huku bado inasema? Nijibuni hata kwa kifupi, Ramadhani iko karibu na sitaki kuingia nayo nikiwa hivi.