Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mtwara

Ndugu wanachama,

Hesabu mhazini atazisoma mwenyewe. Michango iliingia baada ya minada ya korosho, kama kawaida yetu. Mimi nina jambo la chupa ya maji.

Muhula wa kwanza mama mmoja aliniletea daftari la mwanawe wa kidato cha pili. Mwandiko umeyumba kama umeandikwa ndani ya daladala, na pembeni, kwa wino mwekundu: "Uzembe." Kijana ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi, kisha ukamzamisha katika huzuni, na kwa ajili yake anameza dawa iitwayo lithiamu. Dawa hiyo hutetemesha mikono, huleta kiu na kumpeleka mtu haja ndogo kila mara. Akinyimwa ruhusa ya kutoka darasani, aliamua asinywe maji kabisa. Kwa joto letu hili! Mwili ukikaukiwa maji, lithiamu huzidi kwenye damu ikawa sumu. Mtoto anayeitumia akiharisha au kutapika, msingoje kesho, mwahisheni hospitali.

Nilikwenda shuleni na katibu, na sifichi, nilikwenda na hasira. Kumbe mwalimu hakuwa na habari. Mzazi alikuwa amenyamaza, akiogopa mwanawe ataitwa kichaa. Lawama tukagawana. Siku hiyohiyo chupa ikaruhusiwa juu ya dawati, kijana akapewa ruhusa ya kutoka bila kuomba, na mkono ukitetemeka ananakili notsi za mwenzake baadaye. Akianza kusema mbiombio, halali na wala hachoki, mzazi apigiwe simu kabla fimbo haijashikwa. Akizama upande wa pili, amelaza kichwa mezani wiki nzima, majaribio yake yasogezwe.

Sasa lile lililotugombanisha kikao cha Septemba. Sipingi jando wala unyago, mimi mwenyewe nimechezwa. Lakini kukesha ni miongoni mwa mambo yanayoamsha ugonjwa huu, na mtoto akikesha ngomani siku tatu mfululizo, Januari anaingia darasani amepanda, nasi tunasema ni mashetani. Zungumzeni na masomo wao, yaani wale wanaowafunda huko: mtoto achezwe, usiku alale. Na dawa asiikatize likizo kwa kuwa anaonekana mzima.

Barua za kupeleka shuleni anazo katibu. Anayetaka tufuatane naye shule zikifunguliwa aandikishe jina kabla ya chai.