Kaka, nitafutie Jumamosi moja

Kaka mambo vipi, habari za Mwanza, na mama anaendeleaje na mguu? Huku Dar wazima, joto tu ndo limezidi. Nisamehe kwa ukimya, kuna kazi ya kuwasaidia watafiti na programu zao imenishika Jumamosi zangu zote na nataka nikuelezee vizuri maana naona inakufaa kabisa.

Kuna dada mmoja mtafiti wa mvua aliniomba nimwangalizie programu yake. Ameiandika mwenyewe kwa Python, ile lugha ya kuandikia programu, usiku usiku, hajawahi kufundishwa na mtu. Kila kituo cha kupimia mvua kina faili lake, kituo1, kituo2 mpaka kituo24, programu inayafungua moja moja na kupachika mvua kwenye ramani. Nikamwambia hebu tuone kompyuta inayapanga vipi hayo mafaili. Ikatoka kituo1, kituo10, kituo11, inaenda hivyo mpaka kituo19 ndo inafuata kituo2, maana inasoma jina herufi kwa herufi, si kama namba! Yaani mvua ya kituo cha kumi ilikuwa imekaa pale penye kituo cha pili, miezi saba, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu ramani yenyewe ilikuwa inapendeza tu. Alinyamaza muda mrefu. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja.

Na wala si mzembe, kaka, mvua anaijua kuliko mimi ninavyoijua Python, ila hakuwa na mtu wa kukaa naye. Hata wakubwa yanawakuta. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii waligundua programu fulani ya kemia inatoa majibu tofauti ukibadilisha aina ya kompyuta, kisa ni hichohicho, mpangilio wa mafaili, na ilikuwa inatumika na wanakemia tangu 2014.

Afu kuna watu wa Sheffield kule Uingereza, Nick Barnes na David Jones, hao ndo walionipa moyo. Si wanasayansi wa hali ya hewa, ni watengeneza programu tu. Mwaka 2008 walianza kwa kujitolea kuiandika upya kwa Python ile programu ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya kukokotoa joto la dunia, ya zamani, iliyoandikwa kwa Fortran, lugha ya programu ya enzi hizo, watu wengi walikuwa wanaitilia shaka kwa sababu haisomeki. Walienda hatua kwa hatua, kila hatua wanalinganisha na majibu ya ile ya zamani. Makosa madogo madogo waliyakuta, wakayaripoti, lakini picha ya joto kupanda ilibaki vilevile, na baadaye NASA wenyewe wakaja kuitumia kazi yao. Mi hapo nilisimama nikatembea chumbani.

Kitu kimoja tu nakuomba, usiende kwa mtafiti na yale maneno ya "nani kaandika hivi". Anza kumuuliza jibu moja analolijua kwa mkono, mfano jumla ya mvua ya mwezi mmoja, muone kama programu inalitoa. Likitoka tofauti mtatafuta pamoja.

Sasa kuna mzee anafuatilia samaki wa ziwa, yuko hapohapo Mwanza, data zake ziko Excel na tarehe zimevurugika, kwingine mwezi umekaa mahali pa siku. Nimemwambia nina rafiki. Nijibu kabla ya Ijumaa nimpe namba yako, na mama msalimie sana.