Mtuulize na tarehe za hedhi, siyo presha tu

Ndugu Mhariri,

Nina miaka 47, naanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Siku moja binti yangu alimwaga ndoo ya dagaa wabichi mchangani. Ndoo moja tu. Nilimfokea mpaka wanawake wa chanja za jirani wakaacha kazi wakanitazama. Mtoto akainama, akawa anaokota mmoja mmoja na kusuuza kwenye beseni, machozi yanadondokea humo humo. Siku tatu baadaye nikaingia hedhini na hasira yote ikaniisha. Nilimwomba radhi, lakini alishaanza kuniogopa.

Zamani siku zangu zilikuja na maumivu ya tumbo, basi. Tangu nifike miaka 44, wiki moja kabla usingizi unapotea, nalia hovyo, na mara mbili nimetamani kulala nisiamke. Zahanati walinipima malaria, wakanipima presha, wakasema ni utu uzima. Shangazi yangu akasema ni jini.

Kalenda ndiyo iliyonifumbua macho. Huwa tunaweka alama siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa na mitumbwi hailali ziwani. Nikaanza kuweka msalaba kila siku mbaya. Baada ya miezi mitatu misalaba ilikuwa imesongamana wiki ile ile, kabla ya damu.

Niliibandua ukutani nikaipeleka kwa daktari mwingine mjini. Aliitazama kwa muda, akaniambia ugonjwa huu wa hisia kuvurugika vibaya kabla ya hedhi upo, kwa Kiingereza wanauita kwa kifupi PMDD, na Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Mwanamke akikaribia kukoma hedhi homoni hupanda na kushuka bila mpangilio, na wapo ambao ubongo wao hauyahimili mabadiliko hayo. Dawa zipo, wengine hupewa zile za sonona, wakazinywa wiki mbili za mwisho wa mzunguko tu. Nililia pale pale, safari hii kwa nafuu.

Wahudumu wetu, sisi kliniki ya wajawazito hatuji tena, kwa hiyo hakuna anayetuuliza. Mama wa miaka arobaini na kitu akija na habari za usingizi na hasira, mwulizeni hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, na mwambieni aandike siku zake kwa miezi miwili. Mwulizeni pia kama anatamani kufa. Mimi ningejibu.

Mwanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma