Mama, usiwauze chaza waliobaki

Plymouth, Uingereza

Mama, shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni kwenu huko Fumba, hasa bibi na goti lake.

Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu. Chaza wa kamba moja, umri mmoja, joto la kaskazi limewaua hawa likawaacha wale, na jirani keshaanza kusema ni jicho. Mwambie hata huku, ambako bahari wakati wa baridi hushuka mpaka nyuzi 9, jicho hilo lipo!

Kazi yangu maabara ni kuwapasha moto kome, jamaa zao chaza. Tunawabandua mwamba mmoja, tunawaandika namba kwa rangi ya kucha (ndiyo, ile nyekundu ya wifi), kisha tunawagandisha juu ya gamba kitaa kidogo kinachosoma mapigo ya moyo. Maji yanapashwa polepole. Kadiri joto linavyopanda, mwili unataka hewa zaidi, na maji ya moto ndiyo yenye hewa haba. Moyo unakwenda mbio, mbio zaidi, halafu ghafla unaporomoka. Namba 6 aliporomoka mapema hata nikadhani waya umelegea. Namba 11, wa beseni lilelile, ukubwa uleule, akaendelea kupiga kama hajasikia kitu. Nilimkodolea macho mpaka chai ikapoa.

Sababu si moja. Kome anayepigwa na jua maji yakipwa huwa keshazoea kiasi. Mwenzake wa kivulini, hatua moja pembeni, hajui joto. Aliyetoka kumwaga mayai amejimaliza nguvu. Na wengine wamezaliwa hivyo. Ndiyo maana sipendi tukiandika wastani peke yake: namba 6 na namba 11 wote tunawasingizia.

Sasa nakuomba, hao waliobaki msiwauze wote kwa kuwa ndio wanene. Siapi kwamba wana damu ya kustahimili. Huenda walining'inia chini zaidi, kwenye maji ya ubaridi. Basi wafungeni uzi, muwahamishie palepale walipofia wenzao, tuwaone kaskazi ijayo. Watakaopona tena, waacheni wazae.

Uzi mwekundu umo kwenye kopo la biskuti, chini ya cherehani. Pesa za dawa ya bibi nitatuma Ijumaa.

Mwanao