Darasa la katuni Jumamosi: naomba mthibitishe

Wapendwa, habari za jioni. Tunaanza Jumamosi hii saa 3:00 asubuhi, palepale Area C.

1. Pakua Krita, programu ya kuchorea katuni, ukiwa nyumbani, ni ya bure. Asiye na bando aje na flashi.
2. Laptopu iwe na RAM (memori) ya GB 4 au zaidi, na chaja. Mwenye ekstensheni aje nayo, soketi ni mbili tu.
3. Mchango wa chai na vitumbua ni Sh 5,000 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi.

Tutachora mpira unaodunda: fremu (picha) 24 kwa sekunde, kila mchoro ukishika fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Turubai (eneo la kuchorea) ya pikseli 1280 x 720 inatosha. Ukiweka kubwa mno memori inajaa na programu inaganda. Mpira ukiwa juu michoro ibanane, ukikaribia chini iachane, la sivyo utaelea kama puto.

Wenye tableti ya kuchorea: ukikandamiza kalamu na mstari haunenepi, mara nyingi ni draiva (programu inayounganisha tableti na kompyuta). Wekeni leo jamani, si Jumamosi asubuhi!

Jibu NAKUJA na mtaa unakotoka, tupange bajaji.